Siku nne bondeni na Bruda asiye bruda

Sista aliponiambia kwa simu, "Halafu kule bondeni kuna kondoo wa zamani, ukija utamwona," nilidhani mtandao unakatakata maneno. Nikaitikia tu, "Haya Sista, nitamwona," nikarudi kwenye habari za barabara na bodaboda. Mtu akikualika kwake akakutajia kondoo, huulizi maswali.

Kazi yangu ni maji. Nilisoma Chuo cha Maji pale Ubungo, nikatumikia halmashauri mbili, na sasa mwaka wa sita najitegemea. Mtu ana wazo la mradi, ananiita niende nikapime, nichore, nikokotoe, niandike andiko na orodha ya vifaa. Wateja wangu wengi ni watu wa misheni, sijui ilianzaje. Mimi mtoto wa Pangani, ushungi wangu unanitambulisha kabla sijafungua mdomo, lakini masista wamenizoea na mimi nimewazoea, hata "Tumsifu Yesu Kristo" ikinikuta mlangoni huwa nishaitikia "Milele, amina" kabla sijawaza.

Safari hii ilikuwa parokia moja ya milima ya Umatengo, wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma. Jina sitalitaja, maana kuna mambo humu nitayasema wazi. Wana zahanati yenye chumba cha kujifungulia, hosteli ya wasichana 80 wa sekondari, nyumba ya masista, na ng'ambo ya uwanja kuna shule ya msingi ya serikali. Parokia rafiki ya Ujerumani imeahidi fedha za maji. Tena imeshachora kabisa: kisima kirefu, pampu ya sola, tanki la lita 10,000, na bomba zote ndani ya uzio. Kwa mujibu wa barua, nilichotakiwa ni kuchagua mahali pa kuchimba na kuhakiki bei. Siku nne.

Wiki ya kwanza ya Novemba niliichagua makusudi, kabla mvua hazijaanza. Ukitaka kujua chanzo cha maji kina nguvu gani, kipime kikiwa kimechoka. Kupima kijito mwezi wa Aprili ni sawa na kumuuliza mtu hali yake ya fedha siku ya mshahara.

Nilitoka Mbezi, Dar es Salaam, na basi la alfajiri: Mikumi, Iringa, Makambako, Njombe, Songea usiku, miguu imevimba. Kesho yake Kosta hadi Mbinga, lami tupu, kisha bodaboda. Hapo ndipo safari inapoanza kuwa nzuri. Milima ya Umatengo ukiitazama kwa mbali ni kama imevikwa wavu. Ni mashamba ya ngoro, mashimo ya mraba yamepangana mlima mzima. Wanafyeka majani, wanayalaza chini kwa mistari inayokatana, wanayafukia kwa udongo wanaouchimba katikati ya kila mraba. Maharage na mahindi yanakaa juu ya matuta, shimo linabaki kunasa mvua. Kwa mteremko ule, bila mashimo yale udongo wote ungekuwa umeshahamia Ziwa Nyasa. Mababu waliobuni hayo hawakupita Ubungo, na mimi kila nikipita pale na cheti changu huwa natulia kidogo.

Usiku wa kwanza tulikula kuku. Sista akaniwahi kabla sijauliza: "Dada, kula bila wasiwasi, amechinjwa na mwenye duka pale njia panda, naye ni Mwislamu kama wewe." Nimeshapewa mapokezi ya namna nyingi katika kazi hii, mabango, ngoma, hotuba za saa nzima. Kuku aliyetembezwa hadi njia panda na kurudishwa ananitosha.

Siku ya kwanza ya kazi Baba Paroko alinitembeza mwenyewe. Nina desturi ya kuuliza, "Nionyesheni kwanza vilivyokufa," maana kila misheni ina makaburi yake ya miradi, na ukiyasoma vizuri unajua na wa kwako utakufaje. Kaburi la kwanza: banda la jenereta ya dizeli, ndani mna pampu isiyo na mota na kuku wanaotaga. Dizeli ilikuwa inafuatwa Mbinga kwa madumu, na kila bei ilipopanda maji yalipungua siku, mpaka ikawa Jumapili tu, mpaka ikawa basi. Kaburi la pili: kisima kilichochimbwa na kampuni moja miaka mitatu iliyopita. Walikuja na mashine kubwa, wakachimba mahali ambapo gari lao liliweza kufika, wakapiga picha, wakaondoka. Maji yanatoka, ila yana kutu ya chuma. Ukiyaacha kwenye ndoo usiku mmoja yanakuwa rangi ya chai ya rangi. Wasichana walifulia sare nyeupe mara moja, hawakurudia. Nilimuuliza paroko kama kuna taarifa ya vipimo vya maji ya kisima kile. Akaniletea faili lina risiti na picha za watu wameshika mkasi na utepe.

"Zamani maji yalikuwepo," akaniambia tukirudi. "Lakini tangu Mzungu aondoke, kila kitu kikafa."

Sentensi hiyo nimeisikia mikoa mingi kiasi kwamba siku hizi hainiingii sikioni. Nikaiandika kwenye daftari kama ilivyo.

Siku ya pili niliamka saa kumi na moja alfajiri nikateremka bondeni na wasichana wa hosteli. Hili halikuwa kwenye ratiba, na Sista alitaka nisubiri chai kwanza, lakini mwenye kupima maji asiyewafuata wachotaji amepima nusu. Njia ni ya mguu, kama mita 300 na zaidi, inashuka kwa kujipindapinda. Kila msichana anapanda na ndoo ya lita 20 kichwani, mara mbili kabla ya darasani. Mmoja, wa kidato cha pili, alinifundisha namna ya kuweka vijani vya mgomba juu ya maji yasimwagike, akanishauri na viatu: "Mama, hivyo vya kamba utateleza, vua."

Na chini, kwenye kidimbwi cha kuchotea, sikukuta wasichana peke yao. Kulikuwa na akina mama na watoto wa kitongoji cha juu, kile kilicho mgongoni mwa hosteli, nje ya uzio. Wao wanapanda njia ile ile, wanapita kando ya ukuta wa misheni, wanaendelea kupanda. Kwenye mchoro wa Ujerumani mahali pale ni peupe, pamepakwa rangi ya kijani kibichi. Sidhani kama ni ubaya. Walichora kwa kutazama picha, na picha zote zilipigwa ndani.

Ndipo nikamwona kondoo.

Hatua kama arobaini chini ya kidimbwi, katikati ya matete, kuna msingi wa zege, na juu yake kimekaa kitu cha chuma cha kutupwa, kizito, kina umbo la kibuyu kilichosimama juu ya kiatu. Nikapangua majani. Nikacheka peke yangu kwa sauti, watoto wakageuka. Ilikuwa pampu ya ram! Wajerumani wanaiita kwa jina la kondoo dume, Widder, kwa jinsi inavyopiga pembe, na bila shaka mabruda, wale watawa wanaume wasio mapadre, waliowafunza vijana wa hapa walitafsiri neno kwa neno. Tangu hapo kijiji kizima kinasema kondoo.

Kwa asiyeijua, nitaeleza, maana ni katika vitu vichache vya ufundi vinavyonipa furaha ya kitoto. Umewahi kufunga bomba la jikoni kwa ghafla ukasikia mabomba yanagonga ukutani, *dung*? Ile ni nyundo ya maji. Maji yaliyokuwa yanakimbia yamezuiwa ghafla, na nguvu yao haina pa kwenda. Ram inaishi kwa nyundo hiyo. Maji ya kijito yanaporomoka ndani ya bomba la chuma hadi kwenye pampu na kumwagikia nje kupitia vali moja. Yakishika kasi yanaisukuma vali ile, inajifunga kwa kishindo. Msukumo unafungua vali ya pili, maji kidogo yanaruka kuingia kwenye kile kibuyu, ambacho ndani kina hewa. Hewa inabanwa, inayasukuma maji taratibu kupanda mlima. Presha ikishuka, vali ya kwanza inafunguka yenyewe, mchezo unaanza upya. Mara hamsini, sitini kwa dakika, usiku na mchana. Haitaki dizeli, haitaki jua, haitaki umeme wa LUKU. Aliyeibuni, mwaka 1796, ni Joseph-Michel Montgolfier wa Ufaransa, yule yule ambaye yeye na mdogo wake walirusha puto la hewa ya moto mwaka 1783. Bomba lake la kuteremshia linafaa liwe la chuma. Ukiweka la plastiki linatanuka kidogo kila pigo na kunyonya sehemu ya nyundo.

"Unamjua?" sauti ikauliza nyuma yangu.

Alikuwa mzee mwembamba, koti la suti lililopauka, miguuni katambuga za tairi, mkononi jembe. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo Bruda." Nami nikamwamkia vivyo hivyo. Baadaye nikajua ana watoto saba na wajukuu hawahesabiki. Ubruda alipewa na kijiji kwa kushinda na mabruda tangu ujana wake.

Mabruda ni habari ndefu katika mkoa huu. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, Majimaji ikaichoma misheni mwaka 1905, wakarudi wakajenga upya, na pamoja na mapadre waliokuja walikuja pia mabruda wa ufundi: waashi, maseremala, wahunzi, mafundi mitambo. Nani alimwaga jasho kando yao, hilo ndilo mara nyingi halimo vitabuni. Na Ruvuma, mahali ambapo vijana waliahidiwa kwamba risasi zitageuka maji, na Februari 27, 1906 wapiganaji 67 wakanyongwa pale Songea, neno maji mimi silitamki ovyo kwenye mikutano.

Nilimuuliza mzee: hii ilikufa lini? Nikaongeza, kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa nimeandika kwenye daftari, kwamba nimeambiwa ilikufa Mzungu alipoondoka.

Akaegemea jembe. "Nani kasema?"

"Nimesikia tu, baba."

"Bruda aliondoka mwaka wa Vita ya Kagera. Huyu amekufa El Nino. Hebu piga hesabu, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Vita vya Kagera viliisha 1979. Mvua za El Nino ni kuingia 1998. Miaka 19.

"Na miaka yote hiyo alikuwa anahudumiwa na nani?"

Hakujibu. Aliinama akang'oa tete moja lililoota kwenye ufa wa zege, akalitupa majini.

Tulikaa pale mpaka jua likawa kali. Alinieleza mambo ambayo mimi nimeyasoma kitabuni na yeye ameyasoma kwa sikio. Kwamba kondoo akianza kugonga kwa sauti kavu, hewa ya kibuyu imekwisha, imemezwa na maji; unafunga, unamwaga maji yote, unamwanzisha tena kwa kubonyeza vali kwa mkono mara kumi, ishirini, mpaka ashike mwenyewe. Kwamba mpira wa vali ya kumwaga huisha, na mipira ya Ujerumani ilipokwisha alikata ya tairi la Bedford, tairi la lori, la ubavuni siyo la kukanyagia, maana la kukanyagia ni gumu mno na linapiga kelele. Kwamba usiku alikuwa analala akimsikia kutoka nyumbani kwake, *tok... tok... tok*, na mkewe akimwamsha sauti ikinyamaza. "Yeye ndiye aliyekuwa anaisikia kwanza," alisema.

Kisha El Nino. Gema liliporomoka usiku, likang'oa mabomba manne. Alikwenda kutoa taarifa parokiani, akaambiwa asubiri. Akasubiri. Ikaja jenereta. Mabomba manne yale kijiji kimeyapa kazi nyingine: mawili ni daraja la mfereji, moja ni mwamba wa goli uwanjani, na kipande cha lile la nne kimetundikwa kwenye mwembe wa shule ya msingi. Ndiyo kengele. Ndiyo iliyoniamsha asubuhi ile.

Siku ya tatu ilikuwa ya vipimo, na hapo sina hadithi nyingi, ila jasho. Kijito tulikikinga kwa udongo na magunia, tukaweka ubao wenye pembe ya V, maji yakasimama sentimita 8.5 juu ya ncha, ambayo kwa kanuni ni lita 2.9 kwa sekunde. Sikuamini ubao peke yake, tukageuza maji yote yaingie kwenye ndoo ya lita 20. Sekunde 7, mara tano mfululizo. Lita 2.86. Ubao na ndoo vikisema neno moja, mpimaji analala.

Kimo cha kupandisha kilinisumbua zaidi. Simu yangu ilisema kutoka kondoo hadi mahali pa tanki ni mita 61. Simu kwa mwinuko ni mwongo mzuri. Nikatoa mpira wa usawa, ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga ambao waashi wanasawazishia msingi, na miti miwili iliyotiwa alama, tukapanda hatua kwa hatua, hatua 41, Bruda ameshika mti wa chini na kijana wa katekista wa juu. Jibu: mita 48. Kwa mita 13 hizo za uongo ningewanunulia bomba la daraja la presha lisilohitajika na kuwaahidi maji pungufu.

Mzee alipokuja asubuhi ile alibeba mfuko wa salfeti. Akaufungua mbele yangu, akatoa kitambaa, ndani ya kitambaa vali ya kumwaga, ya shaba, safi, imepakwa grisi. Wanunuzi wa vyuma chakavu walipita kijijini wakibeba kila kitu. Kondoo mwenyewe aliwashinda kwa uzito na boliti zilizozama kwenye zege. Vali ingebebwa, kwa hiyo alikuwa ameiondoa akaihifadhi chini ya kitanda. Zaidi ya miaka ishirini. Nilitaka kusema neno la maana nikashindwa. Nikapima kipenyo cha kikalio cha mpira wake. Sentimita 7.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko vipimo: watu. Ukingoni mwa kijito akina mama wa kitongoji cha juu wana vinyungu, vibustani vya kiangazi vya mboga na maharage mabichi. Waliponiona na miti na kamba, habari ilishapanda mlimani kabla yangu: misheni inachukua maji. Mama mmoja alinisimamisha njiani, hakunitukana, alisema tu, "Mnapima ya kwenu. Yetu mtapima lini?"

Jioni tukaitisha kikao darasani, mwenyekiti wa kitongoji, Baba Paroko, Sista, na akina mama walijaza madawati yale ya watoto magoti yakiwa kidevuni. Nilichora ubaoni. Ram ni mnyama mharibifu kwa sura tu: kati ya maji anayopewa, sehemu kubwa sana anaimwaga palepale miguuni pake, inarudi kijitoni. Anachopandisha ni kidogo. Kwa hiyo vinyungu vya chini ya kondoo havitaguswa. Wakaguna kukubali. Mama yule yule wa njiani akanyanyua mkono: "Na vilivyo katikati? Kati ya unapokinga na hapo anapomwaga?"

Swali la kihandisi kamili, na mimi nilikuwa nimelipita. Kipande kile kingebaki na maji machache kweli wakati wa kiangazi, na vinyungu viwili viko hapo, kimoja ni chake.

Nilirudi bondeni na tochi, Bruda mbele. Tukitoa kikingio pale juu tukakiteremsha chini ya vinyungu vile, tunapoteza sentimita 40 za mporomoko, kutoka mita 6.4 kubaki 6. Nilipiga hesabu juu ya goti. Lita 2 kwa sekunde zikiporomoka mita 6, zipande mita 48, na kondoo mwenye afya njema anafanya kazi kwa asilimia 60: lita 0.15 kwa sekunde, 540 kwa saa, 12,960 kwa siku. Tungebaki juu ingekuwa 13,824. Vinyungu viwili vinagharimu lita 864 kwa siku. Nikaandika hivyo hivyo kwenye taarifa, na tarakimu zake, ili siku mhandisi mwingine akija akaona kikingio kiko mahali pa kipumbavu ajue sababu.

Mahitaji nayo niliyaorodhesha usiku ule kwa mwanga wa simu. Hosteli lita 3,200, zahanati 2,500, nyumba ya masista na wageni 600, shule ya msingi watoto 410 kwa lita 5 kila mmoja, 2,050. Na kitongoji cha juu watu 160 kwa lita 25 kila mmoja, kile kipimo cha Sera ya Maji ya 2002, chenye masharti yake ya mita 400 na watu 250 kwa kituo: lita 4,000. Jumla 12,350. Inaingia, lakini kama mguu kwenye kiatu cha jana. Hakuna nafasi ya kitongoji kuongezeka, na watu huongezeka. Kwa hiyo nilipendekeza kondoo huyu akarabatiwe, msingi wa zege ujengwe kwa wawili, kikingio na bomba vikadiriwe kwa wawili tangu sasa, na kiangazi akipumzika mmoja mwingine afanye. Sola ije baadaye kama fedha zipo. Kisima kirefu kipya, hapana. Ukichimba mwamba ule ule ulioshatoa kutu, jiandae kwa kutu.

Sitaki nionekane adui wa mambo ya kisasa. Mkoa huu huu masista wa Chipole wana mtambo wa umeme wa maji wa megawati 5 pale Tulila, Mto Ruvuma, na wanaiuzia TANESCO. Masista, siyo mchezo. Pengine ndiyo maana nilikereka kidogo niliposoma tena mchoro ule wa ndani ya uzio.

Taarifa niliituma katikati ya Novemba, pamoja na fomu za kibali cha kutumia maji za bodi ya maji ya bonde, ile inayosimamia vyanzo vya maji, kurasa zile ambazo watu wa misheni hudhani ni hiari. Majibu ya Ujerumani yalikuja baada ya wiki mbili, ya upole mno. Wamefurahi kwamba gharama imeshuka. Wamefurahi sana kuhusu pampu ya zamani, wanaomba picha. Wana swali moja: kifungu cha 17, kituo cha kuchotea nje ya uzio, kwa kuwa fomu yao ya wanufaika ina taasisi za misheni peke yake, je, kinaweza kuondolewa au kuahirishwa?

Nilikuwa nimeanza kuandika jibu refu lenye majedwali. Kabla sijalimaliza, Sista, aliyekuwa amewekwa kwenye nakala, akajibu mwenyewe kwa mistari miwili. Alisema wanawake wa kitongoji cha juu ndio wanaojifungulia katika zahanati yake, na kwamba kila anayelazwa kule ndugu zake huja na ndoo. Kisha salamu za Majilio. Nikafuta la kwangu.

Mpaka leo ninapoandika, hawajajibu kifungu cha 17. Mvua zimeshaanza kule. Bodaboda aliyenipeleka amenitumia picha ya barabara, sitaki kuizungumzia. Kazi, kama itakuwepo, ni baada ya masika.

Nilikuwa nimemwagiza Bruda jambo moja tu tulipoagana, ili apate la kumshughulisha: akipata kipande cha tairi la lori, la ubavuni, akate mpira wa vali wa majaribio, kipenyo sentimita 7, tuone kama vali ya shaba bado inakaa sawa. Nikamwambia hakuna haraka, malori ya kule ni machache.

Juzi usiku Sista amenitumia picha kwa WhatsApp. Juu ya meza ya zahanati, kwenye karatasi nyeupe, duara la mpira mweusi, kingo zimenyooka kama zimekatwa kiwandani, na kando yake rula inaonyesha 7 kamili. Ukiikuza picha, chini ya meza, unaona miguu ya mzee. Wa kulia una katambuga. Wa kushoto uko peku.